Waulize Wakiwa Bado Mezani

Mwanangu, kipande kile cha video umekiona. Kila mwenye simu amekiona. Kijana anafoka kwamba hamhitaji baba yake, kisha sauti inamkatika katikati ya neno, na mzee mnene mwenye ndevu anamvuta kifuani akamshika. Kinachukua muda mfupi tu. Watu wanafuta machozi, wanamtumia mwenzao, wanateremka kwenye kingine.

Leo nataka nikae nawe nikueleze machozi yale yalitoka wapi. Najua una haraka. Chai ni ya moto bado, kwa hiyo hata ukitaka kukimbia huwezi kuimaliza sasa hivi. Kaa.

Kipindi chenyewe kinaitwa The Fresh Prince of Bel-Air. Televisheni ya NBC ya Marekani ilianza kukionyesha tarehe 10 Septemba 1990, na cha mwisho kikaonyeshwa tarehe 20 Mei 1996. Misimu 6, sehemu 148. Ni vichekesho, vilivyopigwa mbele ya watu waliokaa ukumbini wakicheka kwa sauti zao wenyewe. Sisi hapa Mombasa nyumbani kwangu tulikitazama kwa kanda za kukodi, kanda zilizokwisha kupita mikono ya watu wengi, picha ikipanda na kushuka, na watoto wakigombania nani akae karibu na mashine. Nilikuwa mama wa nyumba yenye watoto wa kila umri, wangu na wa ndugu zangu. Nilikuwa nikitazama huku napanga nguo. Vingi vilinipita siku zile, nikavipata baadaye.

Kisa ni hiki. Will ni kijana wa Philadelphia, mtaa wa magharibi, mtoto wa mama anayehangaika peke yake. Siku moja anapigana na vijana wa mtaani kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Mama yake anaingiwa na hofu. Anamfungia mizigo, anampeleka upande wa pili wa nchi, Los Angeles, kwa ndugu yake wa tumbo moja, Vivian, aliyeolewa na mwanasheria tajiri, Philip Banks. Huko kuna watoto watatu waliozaliwa katika raha: Hilary, Carlton na Ashley. Kuna na mhudumu wa nyumba, Mwingereza, jina lake Geoffrey.

Huku kwetu nani anahitaji kuelezwa hadithi kama hiyo? Mtoto kutolewa kijijini akapelekwa kwa mama mdogo mjini akasome, ndiyo hadithi ya nusu ya watu ninaowajua. Hata kule Marekani haikutungwa hewani. Ilitokana na maisha ya Benny Medina, mtu wa biashara ya muziki, aliyetokea Watts, mtaa wa watu maskini wa Los Angeles, akapokewa na familia tajiri ya Beverly Hills. Mwanamuziki Quincy Jones akawa mmoja wa waliokisimamia kipindi. Ukijua hilo, utaelewa kwa nini ndani ya vichekesho vile kulikuwa na vitu ambavyo mtungaji wa mzaha mtupu asingevifikiria.

Sasa sikiliza sehemu ya kwanza kabisa, maana hiyo ndiyo ninayoitaka uitafute kabla ya kurudia lile kumbatio.

Will amefika. Nyumba kubwa, sakafu zinang'aa, yeye na nguo zake za rangi zote. Chumbani kwake ametundika picha ya Malcolm X. Jioni kuna wageni wa heshima, naye anawafanyia mizaha mezani hadi Philip anaaibika. Wageni wanaondoka. Wanabaki wawili. Kijana anamwambia mzee kwamba utajiri umemsahaulisha alikotoka. Na yule mzee anageuka. Anamwambia kwamba yeye pia alikulia mitaani, kwamba amekutana na ubaguzi ambao kijana hata hawezi kuufikiria. Yule Malcolm uliyemtundika ukutani, anamwambia, mimi nimemsikia kwa masikio yangu akihutubia, na nimesoma kila alichoandika. Kabla hujamhukumu mtu, jitaabishe kwanza kujua yeye ni nani.

Will anabaki mdogo ghafla. Anauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama kweli alimsikia.

Lakini si hapo tu. Mzee anaondoka amekasirika. Kijana anakaa kwenye piano iliyokuwa pale sebuleni kama pambo. Anaanza kupiga. Anapiga Beethoven, taratibu, vizuri, kama mtu aliyefundishwa. Mzee anarudi, anasimama, anamtazama. Hakujua. Alikuwa amemchukua kuwa mhuni wa mtaani, naye kumbe ana vidole vile.

Nakuambia, mwanangu, kila kilichokuja baadaye kimo katika dakika zile. Watu wawili chini ya paa moja, kila mmoja amemhukumu mwenzake kwa nguo na kwa nyumba. Ilichukua sehemu 147 zilizobaki wajuane.

Nami nilikuwa na Will wangu. Mtoto wa dada yangu alikuja kwangu Mombasa kutoka Voi alipokuwa anaingia kidato cha kwanza. Aliletwa na begi na kuku aliyefungwa miguu, zawadi ya dada. Mtoto mpole, lakini alikuwa na kicheko kikubwa, na mkono wake haukutulia mezani, kila mara anagonga ngoma kwa vidole. Nilikuwa nikimwambia atulie. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini nimechoka, viatu vimenibana, na nikiingia mlangoni jambo la kwanza ni kusema acha kelele.

Usiku mmoja tulikuwa tunamenya viazi mimi na yeye, wengine wamelala. Akaniuliza, "Mama, wewe ulipokuwa kama mimi ulikuwaje?"

Nikamjibu, "Nilikuwa mtoto anayesoma vitabu vyake. Kasome."

Aliweka kisu, akanawa mikono, akaenda kusoma. Hakuuliza tena kwa miaka mingi.

Jibu lile halikuwa kweli yote. Nilipokuwa kama yeye niliwahi kukaa nyumbani bila shule kwa sababu ya karo. Nilikuwa nauza ndizi na mahindi ya kuchemsha stesheni ya Voi, treni ya abiria inaposimama. Unapandisha beseni juu hadi dirishani, mkono unatetemeka, abiria anachagua ndizi moja moja, na treni ikianza kuondoka kabla hajalipa unakimbia nayo. Mwalimu wangu mmoja aliwahi kuwa dirishani. Sikumwambia mtu yeyote habari hiyo. Nilipopata kazi ya ofisi niliamua watoto wanijue kuanzia hapo tu, kuanzia mkoba na kalamu.

Nilidhani nawapa heshima. Kumbe siku zile zile yule mtoto alikuwa anachekwa shuleni kwa lafudhi yake ya Kitaita. Kila akisimama kusoma kwa sauti, darasa zima linamwiga. Akaacha kusimama. Akawa anasema anaumwa koo. Hakuniambia, maana alimwona mama mwenye mkoba na kalamu, mama ambaye hajawahi kuchekwa na mtu, angeanzaje kumweleza? Aliniambia akiwa mtu mzima, ana mke na kazi. Tulikaa nyumba moja tukiwa na aibu moja, kila mtu anaificha chumbani kwake.

Ndiyo maana nikiirudia Fresh Prince sasa, macho yangu hayakai tena kwa Will. Yanakaa kwa wazee wake.

Kuna sehemu ya msimu ule ule wa kwanza, Philip anapewa tuzo mjini. Wazazi wake wanatoka shamba kuja kumshuhudia. Will anafurahishwa na hadithi za bibi na babu kuhusu utoto wa Philip, umaskini wa kule, hata nguruwe aliyekuwa rafiki yake, naye anamsimulia mwandishi wa habari. Alidhani anamsifu. Philip anapandisha hasira hadi nyumba inatetemeka. Mama yake mzazi anaumia, maana anaona mwanawe anaonea haya mahali alipozaliwa. Mwishoni mtu yule mkubwa inambidi asimame mbele za watu awakiri wazazi wake. Watoto wangu walicheka sana kwa ajili ya nguruwe. Mimi niliinuka nikaenda jikoni. Nilikuwa naijua ile hasira.

Mwanangu, mzee akikukatiza neno unapomuuliza ya zamani, usidhani anakudharau. Mara nyingi umegusa mahali ambapo hajawahi kupagusa yeye mwenyewe.

Na kuna nyingine, ya Oktoba 1990, ambayo ni nzito kuliko zote za msimu ule. Will na Carlton wanapewa gari la kifahari la mwenzake Philip kazini, walipeleke Palm Springs. Usiku, njia hawaijui, wanaendesha polepole mno. Polisi wanawasimamisha. Vijana wawili weusi, gari la bei kubwa. Wanafungiwa ndani kwa kushukiwa wizi. Philip na mkewe wanakuja kituoni, na Philip anaunguruma kama mwanasheria na kama baba kwa pamoja hadi wanatolewa.

Lakini tazama kinachofuata nyumbani. Will anajua lililotokea. Carlton hajui. Carlton amekulia katika raha, anaamini kwamba polisi walifanya kazi yao tu. Gari lilikuwa linakwenda polepole, nani asingelisimamisha? Anamuuliza baba yake swali hilo, akitegemea akubali. Na baba yake anamwambia kwamba yeye pia alijiuliza hivyo hivyo siku ya kwanza aliposimamishwa. Kisha anamtakia usiku mwema, anapanda ngazi.

Mara ya kwanza aliposimamishwa. Maana yake kulikuwa na ya pili na ya tatu. Na mtoto wake wa kumzaa, aliyekula naye kila siku tangu kuzaliwa, hakuwa na habari. Carlton anabaki amekaa pale sebuleni anajisemea, mimi ningelisimamisha. Bado hajaelewa. Watengenezaji wa kipindi walikuwa na hekima ya kumwacha hivyo, hajaelewa, sehemu ikaisha. Si kila jambo mtoto analipokea usiku ule ule alipoambiwa.

Sasa niingie kwa watu wenyewe, waigizaji, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilipoacha kuwa mchezo.

Will Smith alizaliwa Philadelphia tarehe 25 Septemba 1968. Kipindi kinaanza alikuwa hajatimiza miaka 22, na tayari alishapata na kupoteza. Yeye na rafiki yake Jeff Townes, DJ Jazzy Jeff, walishinda Grammy ya kwanza kabisa iliyotolewa kwa muziki wa rap, mwaka 1989. Wimbo uliowapa tuzo ile ulikuwa wa kulalamika kwamba wazazi hawaelewi kitu. Basi pesa zikaja, zikatumika kwa magari na starehe, kodi haikulipwa, na serikali ikaja kuchukua chake. Kijana akabaki na jina kubwa na deni kubwa kuliko jina. Ndipo ikaja nafasi hii ya televisheni. Uzoefu wa kuigiza hakuwa nao.

Ukitazama sehemu za mwanzo kwa makini utaona kitu. Mwenzake akiwa anazungumza, midomo ya Will inacheza. Alikuwa amekariri maneno ya kila mtu kwa hofu ya kukosea, kwa hiyo anayatamka yote kimyakimya akingoja zamu yake. Watu huonyeshana kama kichekesho. Mimi kinanigusa. Naona kijana mwenye bidii sana, aliyeyajua maneno ya watu wote neno kwa neno, lakini hana nafasi ya kumsikiliza hata mmoja. Na nani kati yenu hayuko hivyo sasa? Unanisikiliza hapa, lakini naona midomo yako inatafuta zamu.

Aliyekaa naye kwenye seti ile na kumfundisha kusikiliza alikuwa James Avery, ndiye Philip. Huyu alizaliwa Virginia mwaka 1945, akalelewa na mama yake huko Atlantic City. Alikwenda Vietnam na jeshi la majini. Aliporudi alisoma maigizo na fasihi chuo kikuu San Diego, akaandika mashairi. Hebu fikiri. Watoto wa dunia nzima walimcheka kwa tumbo lake, wakati mbele yao amesimama mshairi aliyerudi kutoka vitani. Will Smith amesimulia mara nyingi jinsi mzee huyo alivyomdai kazi nzuri zaidi, hakumwachia ategemee kuchekesha tu. Avery alifariki tarehe 31 Desemba 2013, ana miaka 68. Nilipopata habari nilikaa kitandani muda mrefu, kama niliyepewa habari ya kifo cha shemeji.

Sasa lile kumbatio. Lilionyeshwa Mei 1994, mwishoni mwa msimu wa nne. Baba yake Will, Lou, aliyeigizwa na Ben Vereen, anarudi baada ya kupotea miaka 14. Ni dereva wa malori. Anamwahidi mwanawe safari ya pamoja, kiangazi chote barabarani. Will anafunga begi, anamnunulia baba zawadi, sanamu ya baba na mtoto. Philip anapinga, na kwa kupinga kwake Will anamrushia maneno makali. Halafu Lou anaondoka. Anataka hata kuondoka bila kumuaga, Philip ndiye amwambie. Will anaingia na begi lake.

Mwanzoni anajifanya haijamuuma. Kisha anaanza kuhesabu yote aliyojifunza bila Lou: kutupa mpira kwenye kikapu, kuendesha gari, kunyoa ndevu, kupigana. Sikukuu za kuzaliwa 14 bila hata kadi. Anaapa atakuwa na mke na watoto na kuwa baba bora kuliko yule. Halafu sauti inavunjika, na anamuuliza Philip kwa nini yule mtu hamtaki.

Philip hajibu. Huyu ni mwanasheria, mtu aliyekuwa na maneno kila siku, anayeweza kuunguruma kituo cha polisi kikafunguka. Hana neno. Anamshika tu.

Wengi husema kwamba machozi yale yalikuwa ya kweli kwa kuwa Will Smith mwenyewe alitelekezwa na baba. Si kweli. Baba yake alikuwapo, fundi wa majokofu pale Philadelphia; wazazi walitengana kijana akiwa na miaka 13, lakini baba hakupotea. Watu walichukua kisa cha kipindi wakambandika nacho, wakakisambaza bila kuuliza. Will Smith amesema kilichotokea pale: Avery alimshika, akamnong'oneza sikioni kwamba huko ndiko kuigiza. Mwalimu alikuwa anamwambia mwanafunzi kwamba amefika. Kwangu mimi hilo linatosha kulilia, halihitaji kuongezewa uongo.

Na usisahau kwamba kumbatio lile liliwezekana kwa sababu ya misimu minne iliyotangulia. Kama Lou angekuja katika sehemu ya pili, na Philip akamfungulia kijana mikono, Will angemsukuma. Angeona huyu tajiri ananihurumia. Walikuwa wamegombana vya kutosha. Walikuwa wamesikiana kwenye piano, kwenye kituo cha polisi, kwenye aibu ya nguruwe. Wewe unapenda kuchukua kumbatio peke yake. Ningependa uchukue na ile miaka.

Nimeacha la mwisho kwa sababu linaniuma zaidi.

Mama Vivian wa misimu mitatu ya kwanza aliigizwa na Janet Hubert. Mwanamke mwenye sauti ya kifalme, mcheza dansi hasa. Mwaka 1993 akaondoka, nafasi yake akachukua Daphne Maxwell Reid. Kati ya Janet na Will Smith kukawa na maneno mabaya, hadharani, redioni, magazetini. Kila mmoja na lake. Miaka ikapita, uadui ukawa umeota mizizi hadi watu wakauzoea kama sehemu ya historia ya kipindi. Hawakuzungumza miaka 27.

Mwaka 2020, miaka 30 tangu kipindi kianze, waigizaji walikutanishwa, na wale wawili wakakaa uso kwa uso. Ndipo mama yule akaeleza alivyokuwa siku zile. Alikuwa na mimba, mimba ile ile iliyoandikwa ndani ya kisa akazaliwa mtoto Nicky. Nyumbani kwake alikuwa katika ndoa ya mateso. Alikuwa anakuja kazini na hayo, hacheki, hasemi, na wenzake wakaona mwanamke mgumu. Will Smith alikiri pale kwamba hakujua, na kwamba alipaswa kuwa na macho ya kuona.

Mwanangu, kaa na jambo hili kidogo. Kijana huyu ndiye aliyeambiwa katika sehemu ya kwanza kabisa, mbele ya kamera, kwamba kabla hujamhukumu mtu ujue yeye ni nani. Alizikariri hata zamu za wenzake. Na bado mama yake mlezi wa kwenye kisa, anayemkumbatia kila wiki, alikuwa anaumia hatua chache kutoka alipo, naye hakuuliza. Simlaumu. Alikuwa na miaka ishirini na kidogo na dunia yote inamwita. Lakini James Avery alikufa mwaka 2013. Hakuwahi kuwaona wakipatana. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mkutano wa mwaka 2020 haukuweza kuirudisha.

Basi nakuomba hivi. Nyumbani mnakokaa kuna watu mnaowajua kwa kazi zao tu. Huyu ndiye analipa karo. Huyu ndiye anapika. Huyu ni shangazi mkali. Hata dada anayewasaidia kazi, mnamwita mara kumi kwa siku na hamjui kwao ni wapi. Geoffrey aliwapakulia akina Banks chakula misimu yote ile, anawachekesha kwa ulimi wake mkali, kumbe ana mwana wa kiume Uingereza, na kipindi kinapoisha huko ndiko anakorudi. Dada wa kazi wa nyumbani kwenu naye ana mtu anayemngoja mahali.

Waulize. Lakini uliza kwa subira, maana sisi wazee hatujafundishwa kujibu. Usije na simu imewashwa inarekodi. Tutakaa sawa, tutasema maneno ya hotuba. Njoo mikono ikiwa na kazi. Wakati wa kuchambua mchele, wakati wa kukunja nguo, wakati mko ndani ya matatu kwenye foleni ya magari. Mtu ambaye macho yake yako kwenye mchele husema yale ambayo asingeyasema akitazamwa.

Usianze na kubwa. Usimuulize baba yako kwa nini ndoa yake ya kwanza ilivunjika. Muulize shule yake ilikuwa mbali kiasi gani, na nani alikuwa anatembea naye. Muulize mshahara wa kwanza aliutumiaje. Muulize aliyemtisha kazini. Kubwa litakuja lenyewe siku nyingine, na huenda likaja saa ambayo hukuitegemea, wewe una usingizi na kesho una mtihani. Kaa macho siku hiyo.

Wako wengine hawatasema kamwe, na hiyo ni haki yao. Kuna mambo mtu ameyazika ili aweze kuishi, wewe huna ruhusa ya kuyafukua. Utaona kwa uso. Ukiona uso umefungwa, badilisha maneno, ongeza chai.

Lakini wengi wetu tunangoja tu kuulizwa mara ya pili. Nilingoja mimi. Laiti yule mtoto angerudi kesho yake, na kisu chake na kiazi chake, akaniuliza tena, nadhani ningemweleza habari za stesheni, na yeye angenieleza za darasani, na tungeokoa miaka. Hakurudi kwa sababu nilimfundisha adabu ya kutorudi. Simlaumu yeye, ni mimi niliyemfukuza na neno moja. Nakueleza wewe ili ujue kwamba neno lile huwa si la mwisho, hata mwenyewe akilisema kama la mwisho.

Kwa hiyo akikwambia kasome, kasome. Kesho, viazi vikianza kumenywa, chukua kisu, kaa karibu naye, umuulize tena.